Ukurasa wa Kumi na Nne

Makala yangu ilirudishwa Jumatatu, katika wiki ya mitihani. Mhariri wa jarida hakuwa na neno baya juu ya utafiti wenyewe, na wasomaji wawili waliopewa kuupima walikuwa wameukubali. Tatizo lilikuwa orodha ya marejeo. Nilikuwa nimetumia mtindo wa namba, wao wanataka jina la mwandishi na mwaka. Nilifupisha majina ya majarida, wao wanayataka kamili. Tena kila ripoti ionyeshe ina kurasa ngapi. Marejeo sitini na nane, na nimepewa siku kumi.

Asiyeijua kazi hii anaweza kucheka. Lakini kuna mkato unaokaa kabla ya mwaka na mwingine unaokaa baada yake, kuna jina linaloandikwa kwa herufi za mlazo na jina la herufi wima, na ukikosea kimoja ukaanza kurekebisha, vitano vingine vinaharibika nyuma yako. Na mezani nilikuwa na karatasi mia mbili na kumi za mtihani zinazonisubiri.

Tena mimi ndiye ninayefundisha mambo hayo. Katika chuo chetu, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupita kwangu kujifunza namna ya kunukuu na kuandaa marejeo. Wameniita 'Mè Nukta, Mama Nukta, kwa sababu nukta moja ikikosekana mwishoni mwa rejeo nakata alama. Jina hilo lilinipendeza kuliko nilivyoonyesha. Na nilikuwa nimewakataza wanafunzi wangu wasikanyage lile duka la fotokopi lililo nje ya geti, ambako kuna mtu hupanga marejeo ya watu kwa malipo. Niliwaambia kumpa mtu mwingine marejeo yako ni sawa na kumpa mtu mswaki wako.

Jumatano nilikuwa nimefika rejeo la tisa. Katibu wa idara yetu, 'Mè Tlaleng, aliingia na majalada, akanitazama, akafunga mlango nyuma yake.

"Unajua uso wako ukoje, 'Mè Lebitsa?"

"Ukoje?"

"Kama wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na mvua inanyesha. Nipe hiyo orodha niipeleke pale getini. Maprofesa wote wa humu wanapeleka, wewe peke yako ndiye unayejifanya hujui."

"Maprofesa gani?"

"Niwataje, nipoteze kazi? Lete."

Nikampa makala nzima, maana namba zilizo ndani nazo zilitakiwa kubadilishwa. Nililifuta jina langu kwenye ukurasa wa kwanza, nikamwambia asiseme ni ya nani. Alicheka hadi akakaa kitini.

Siku mbili baadaye aliirudisha. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Majina yalikaa mahali pake, miaka ilifuatana, hata yale majina yetu yanayoanza na alama ya juu, ambayo kompyuta huyaharibu kila mara, yalikuwa sawasawa. Rejeo moja tu alilipaka rangi ya njano. Chini yake aliandika:

"Phakoe, E., 1979. Ripoti hii sijaipata popote. Waandishi tisa wameitaja, na wote tisa wametaja ukurasa wa 14 tu. Ina kurasa ngapi? Mwandishi wa makala athibitishe kwamba ameisoma mwenyewe."

Damu ilinipanda usoni. Nilijiambia ni hasira. Mtu wa fotokopi ananiuliza mimi kama nimesoma!

Lakini sikuwa nimeisoma. Phakoe wa 1979 nilimkuta katika makala ya mtu mwingine, naye alimkuta kwa mwingine. Wote walisema Phakoe alipima makorongo yanayokula mashamba yetu, akaonyesha kwamba kuta za mawe zikijengwa katikati ya korongo, udongo unakaa na korongo linapona. Makala yangu yote ilisimama juu ya sentensi hiyo. Hata nilimwandika Bwana Phakoe, bila kumjua ni nani.

Nikavaa koti, nikatoka hadi getini kumkomesha huyo fundi.

Duka lilikuwa chumba kimoja, na hita ya mafuta ya taa inanuka mlangoni. Nyuma ya kompyuta alikaa kijana aliyevaa kofia ya sufu. Aliinua kichwa, nami nikamjua.

Alikuwa Khauta Sello.

Miaka miwili nyuma alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, katika wale watatu bora. Katika tasnifu yake niligundua marejeo manne ya vitabu ambavyo hakuwahi kuvishika, alivinakili kutoka kwenye orodha ya mtu mwingine. Ningeweza kumwita ofisini. Badala yake niliingia nayo darasani, nikaiinua juu watu sabini wakiiona, nikasema, "Huyu amekula sahani ya mwenzake, halafu anatuambia amepika mwenyewe. Huyu ni mwizi." Wengine walicheka. Khauta alikaa wima, mikono juu ya dawati. Kisha nilimpeleka mbele ya kamati, akaambiwa arudie mwaka. Ufadhili wake ukakatwa, na sikumwona tena.

"Lumela, 'Mè Lebitsa," alinisalimu, akasimama kama wanavyosimama wanafunzi. "Karibu kiti."

"Ulijua kwamba makala ni yangu?"

"Kuanzia ukurasa wa pili. Hakuna mwingine hapa anayeanza aya tatu mfululizo na 'licha ya hayo'." Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilitaka niirudishe, 'Mè. Halafu nikasema, kazi ni kazi."

"Umeifanya vizuri."

"Nilifundishwa vizuri."

Kulikuwa na msichana mmoja amesimama pembeni anangoja karatasi zake. Nilitamani aondoke. Hakuondoka.

"Sasa hii ya Phakoe," Khauta alisema, akaifungua kwenye kompyuta. "Jarida linataka idadi ya kurasa. Umeisoma, 'Mè?"

Hapo ndipo ningeweza kusema hapana. Ni neno jepesi. Nimelitafuta mara nyingi tangu siku ile, nikijiuliza lilikwenda wapi.

"Nimeisoma," nikasema. "Ninayo nyumbani."

"Vizuri. Ina kurasa ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Alinitazama. Haikuchukua muda, labda pumzi mbili. Kisha akageukia kompyuta, akabonyeza nne, akabonyeza mbili, akaweka nukta.

"Imekamilika," alisema.

Nilituma makala alasiri ile ile. Kabla ya kuipokea, tovuti ya jarida ilinitaka niweke alama kwenye kisanduku kinachosema kwamba vyanzo vyote vilivyotajwa nimevisoma mwenyewe. Nikaweka alama. Jumatatu jibu likaja: imekubaliwa, itatoka katika toleo la Septemba. Profesa Ntsane, mkuu wa idara yetu, alinishika mkono korido nzima ikishuhudia. "Sasa hicho cheo cha profesa mshiriki nani atakunyima?" alisema. Nilitabasamu.

Nisijisifu kwamba dhamiri ndiyo iliyonipeleka mjini wiki iliyofuata. Nilikwenda ili uongo wangu upate miguu ya kusimamia. Nilifikiri nikiipata ripoti, nikaisoma, basi mambo yatakuwa kweli kwa kuchelewa kidogo tu, na kama kurasa si arobaini na mbili nitamwandikia mhariri kwamba nilikosea kuchapa.

Kwenye ofisi ya kumbukumbu za kilimo nilimkuta mzee Seqhobane, Ntate Seqhobane kama tunavyowaita akina baba, amebakiza mwezi mmoja astaafu. Alipekua makabati, hakuipata. Akasoma tena karatasi niliyompa.

"E. Phakoe. Si Evodia huyu?"

"Sijui. Ni bwana mmoja aliyekuwa..."

"Bwana! Evodia Phakoe alikuwa bwana lini? Alikuwa msichana wa kwanza kupewa pikipiki katika idara hii. Tulikuwa tunatoka nje kumwangalia akiondoka." Alicheka peke yake. "Aliolewa kwa Motlomelo. Huko ukweni wakampa jina jipya, siku hizi ni 'Mè 'Malisebo. Yupo kijiji cha Ha Mokhethi, nyumba iliyo juu ya kisima."

Ha Mokhethi ni dakika ishirini kutoka chuoni kwa gari. Mara ngapi nimepita pale! Nilimtaja mwanamke huyu katika makala tatu, na kama ningelijua jina lake la ndoa, yeyote njiani angenionyesha nyumba yake.

Nilimkuta ameketi nje kwenye jua la asubuhi, blanketi begani, anachambua maharage kwenye sinia. Ni mwanamke mwembamba, macho makali. Nilimwambia ninatoka chuoni, ninaandika juu ya makorongo, na kwamba nimetumia ripoti yake.

"Ripoti yangu?" Mikono ikasimama. "Umeipata wapi? Nakala zilikuwa sita. Tano sijui zilikokwenda, ya sita iko kwenye sanduku langu."

"Imetajwa na watu wengi, 'Mè. Ni maarufu. Hasa ukurasa wa kumi na nne."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na nne."

Aliweka sinia chini, akaingia ndani. Nilisikia kifuniko cha bati kikigonga ukuta. Alirudi na kijitabu cha karatasi za kupigwa chapa kwa mkono, kilichobanwa na pini zenye kutu, akaniwekea mapajani.

"Hesabu."

Nikahesabu. Kurasa zilikuwa kumi na moja.

"Haya, niambie wewe mwenye shule," alisema, "hizo tatu mliniongezea lini? Na mliandika nini humo?"

Nilifungua ukurasa wa tisa kwa sababu ndio alioukunja pembe. Aliandika, kwa sentensi fupi za mtu asiyependa kupoteza wino, kwamba kuta zilishika udongo kwa misimu mitatu. Msimu wa nne ilikuja mvua kubwa, maji yakajaa nyuma ya kuta, zikapasuka zote siku moja, na korongo likawa pana mara mbili ya lilivyokuwa. Mwisho alisema kuta zisijengwe tena mpaka watu wa juu ya mlima wakubali kupumzisha malisho. Kumbe mtu wa kwanza kumtaja aliishia kwenye misimu mitatu, na sisi wengine hata huko hatukufika.

"Wewe hukuisoma," alisema 'Mè 'Malisebo.

"Sikuisoma, 'Mè."

"Na umeandika kwamba nimesema nini?"

Nilimwambia. Nilisema nikitazama maharage. Yeye akajifunga blanketi vizuri, akachukua fimbo. "Njoo."

Tulishuka nyuma ya nyumba hatua kama mia moja. Korongo lilikuwa pale, refu kuliko nyumba, kuta zake nyekundu zinamomonyoka. Chini kabisa mawe yalitawanyika, mengine bado yana saruji.

"Mwaka wa tisini na sita walikuja vijana wa mradi na magari. Nikawaambia msijenge. Mmoja akafungua karatasi, akasema, mama, wataalamu wamethibitisha, ona, Phakoe 1979. Nikamwambia Phakoe ni mimi. Alicheka! Alidhani kichwa changu kimechoka. Wakajenga. Mwaka wa elfu mbili mvua ikaja." Alinyoosha fimbo hewani, juu ya lile shimo. "Hapo palikuwa na shamba langu la mipichi, miti kumi na tisa. Maji yalilichukua kwa jina langu."

Nikasema pole. Hakugeuka.

"Mume wangu alinitania mpaka anakufa," aliendelea. "Kila akikosa pichi mezani ananiambia, muulize Phakoe. Tulikuwa tukicheka. Lakini siku nyingine sikucheka."

"Nitarekebisha, 'Mè."

"Utarekebisha nini? Miti?"

Alinipa kijitabu nikae nacho siku mbili. "Siyo cha kwako," alisema. "Ukirudishe mwenyewe, usimtume mtu." Nilikifunga kwenye skafu yangu. Njiani nilisimamisha gari mara moja, nikalia. Sikulia kwa ajili ya mipichi, ingawa ningependa kusema hivyo. Nililia kwa sababu nilimwona Khauta akibonyeza ile nne na ile mbili. Alijua. Alijua na akaandika, kama karani anavyoandika jambo analoambiwa na mkubwa wake.

Nilikwenda kwanza kwa Profesa Ntsane. Alinisikiliza, akainuka akaangalia kama mlango umefungwa.

"Futa huo mstari," alisema. "Weka chanzo kingine. Wako tisa wamesema hivyo hivyo, chagua mmoja."

"Hao tisa ndio nilionakili kwao, Ntate."

"Keneuoe, nisikilize. Nani atajua?"

"Yuko mtu mmoja getini anajua."

"Yule wa fotokopi? Huyo si tulimrudisha mwaka?"

"Ndiye huyo."

Akaniambia nifanye ninachoona kinafaa, lakini jina la idara lisiingie. Nilimwandikia mhariri siku hiyo hiyo. Nilisema nilitaja ripoti ambayo sikuisoma, nilibuni idadi ya kurasa, na ripoti yenyewe inasema kinyume cha hoja yangu, kwa hiyo naiondoa makala. Alijibu kwa mistari miwili, ya adabu na baridi. Mwaka ule sikupandishwa cheo, na wa pili yake pia sikupandishwa.

Kijitabu nilikirudisha kwa mkono wangu, na nakala tatu safi juu yake. 'Mè 'Malisebo alizihesabu kurasa za kila nakala mbele yangu, kwa kidole, moja moja.

Kwa Khauta nilichelewa. Kila siku nilipita getini na gari, nikitazama mbele kana kwamba barabara ina kitu. Siku ya tano nikaegesha. Alikuwa peke yake.

"Ripoti ina kurasa kumi na moja," nilisema nikiwa bado mlangoni. "Sikuwa nayo. Nilikudanganya."

"Najua, 'Mè."

"Ulijuaje?"

"Ulijibu haraka. Mtu aliyesoma kitu husema ngoja nikumbuke."

Nikamwambia makala nimeiondoa. Nikamwambia nitakwenda kwenye kamati, nitaomba faili lake lifunguliwe, adhabu yake ipunguzwe, arudi amalize. Nilizungumza sana. Alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine, akaacha.

"Nilichofanya nilikifanya," alisema. "Yale marejeo manne sikuyasoma. Kurudia mwaka ilikuwa sawa, sheria ndivyo ilivyo. Kamati iache kama ilivyo."

"Basi nifanye nini?"

"Mama yangu alifika sokoni wiki ile, watu wakamuuliza, eti mwanao ni mwizi? Aliiba nini? Akaja nyumbani akaniuliza, Khauta, uliiba nini? Nikashindwa kumweleza. Unamwelezaje mama anayeuza mboga kwamba uliiba jina la kitabu?" Alizima mashine. "Uliniita hivyo mbele ya darasa. Kama una neno, liseme hapo hapo."

Muhula mpya ulianza Agosti, baridi bado imeshika mabonde. Nilimpelekea habari: Jumanne, saa nne, chumba kile kile. Sikujua kama atakuja. Nilipoingia, wanafunzi sitini na wawili walikuwa wamejikunyata na makoti yao, na yeye amesimama nyuma karibu na mlango, amevua kofia.

Nilijiandaa na karatasi. Niliiweka mezani nikaiacha.

"Miaka miwili iliyopita, katika chumba hiki, nilimwita mwanafunzi mwizi," nilisema. "Alitaja vitabu ambavyo hakuvisoma. Mwaka huu mimi nimetaja ripoti ambayo sikuisoma. Aliponiuliza nikamwambia nimeisoma. Akaniuliza ina kurasa ngapi, nikabuni namba. Yeye alikuwa na miaka ishirini na nne na anaogopa kufeli. Mimi nina hamsini na moja, na hili ndilo ninalowafundisha."

Mbele mtu alicheka, kile kicheko cha woga, kisha akaziba mdomo. Msichana mmoja alikuwa anaandika maneno yangu daftarini. Nilitaka kumwambia aache, nikaona sina haki hiyo. Masikio yaliniwaka moto. Nilisema jina la Khauta Sello kwa ukamilifu, nikasema yeye si mwizi na sikupaswa kumwita hivyo, nikasema naomba radhi kwake na kwa mama yake. Sauti ilinikatika kwenye neno mama, nikalirudia.

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Wanafunzi waligeuka wakamtazama. Khauta alivaa kofia yake taratibu, akaivuta mpaka masikioni.

"Nimesikia, 'Mè," alisema. "Kuna watu wananingoja dukani."

Akatoka, akaufunga mlango bila kelele. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano za kipindi. Nilichukua chaki, nikaandika ubaoni rejeo la kwanza la somo: Phakoe, E., 1979. Kurasa 11.